Mlo wa tarantula mchanga: Mdudu yupi anafaa, yupi ni hatari?

WENGI wakimwona buibui mkubwa mwenye manyoya hushika fagio au kiatu. Lakini katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, buibui wa jamii ya tarantula hufugwa majumbani kama wengine wanavyofuga kasuku, kobe au samaki wa mapambo.

Miongoni mwa wanaofugwa sana huko yumo mzaliwa wa Afrika Mashariki. Huyo ni Pterinochilus murinus, buibui aliyeelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1897. Aina yake yenye rangi ya chungwa inajulikana kwa wafugaji wa nchi za mbali kwa jina la Usambara, yaani milima ile ile ya mkoani Tanga.

Tarantula huuzwa mara nyingi akiwa mchanga, kwa sababu bei yake huwa ndogo na usafiri wake ni rahisi. Hukabidhiwa kwa mnunuzi ndani ya kikopo cha plastiki, mwili wake ukiwa mdogo kama punje ya mtama au ya mchele. Akitunzwa vema, jike wa baadhi ya aina anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Swali la kwanza analojiuliza mfugaji mgeni ni chakula. Jibu la haraka ni kwamba buibui hula wadudu, na wadudu hawakosekani popote. Jibu hilo ni la kweli, lakini limewagharimu wengi.

Mdudu aliyeletwa ili aliwe anaweza kumuua yule aliyekusudiwa kula, ama kwa kumtafuna akiwa dhaifu, ama kwa sumu aliyoibeba mwilini. Kwa hiyo, mwenye kuchagua hana budi kujiuliza mambo matatu kabla ya kufungua kifuniko: mdudu huyu ana ukubwa gani, ametoka wapi, na analetwa wakati gani.

Namna tarantula anavyokula

Tarantula hamezi chakula kigumu. Anapomkamata mdudu humchoma kwa meno yake mawili ya sumu, kisha hummwagia majimaji yenye vimeng'enya ambavyo huyeyusha nyama ya ndani. Huku akimponda polepole, hufyonza ule mchuzi mpaka mdudu abaki kidonge kidogo cha magamba.

Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa. Kidonge kinachobaki hutupwa pembeni, nacho kisipoondolewa hushika ukungu na kuvutia utitiri. Ndiyo sababu usafi wa kikopo huhesabiwa kuwa sehemu ya ulishaji.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba buibui huyu si lazima apate mawindo yaliyo hai. Watoto wadogo kabisa hukubali kula mdudu aliyekwisha kufa, mradi awe mbichi. Huo ni msaada mkubwa kwa mfugaji, kwani mdudu aliyekufa hamng'ati mtu wala buibui.

Jambo la tatu linawahusu wale waliozoea kufuga mijusi na vinyonga. Wanyama hao wana mifupa, hivyo wadudu wao hunyunyiziwa unga wa kalsiamu. Tarantula hana mifupa. Gamba lake limejengwa kwa khitini na protini, kwa hiyo unga huo hauhitajiki katika mlo wake.

Ukubwa wa mdudu

Kanuni inayofuatwa na wafugaji wazoefu ni nyepesi. Mdudu asizidi urefu wa mwili wa buibui, miguu ikiwa haikuhesabiwa. Kwa mtoto mchanga kabisa ni salama zaidi mdudu akiwa sawa na tumbo lake, au mdogo kuliko hapo.

Mdudu mkubwa humtisha mtoto. Badala ya kushambulia, buibui hukimbilia shimoni na kukaa na njaa huku mgeni akizunguka chumba kizima. Wakati mwingine hurushiwa teke na kuumia, kwa kuwa ngozi ya tumbo lake ni nyembamba mno. Ikipasuka, huvuja maji ya mwilini na aghalabu haponi.

Kama wadudu waliopo ni wakubwa, dawa yake ni kisu. Paja la nyuma la nyenje aliyetoka kuuawa, au kipande cha funza wa unga chenye urefu wa milimita 3 au 4, huwekwa karibu na mlango wa shimo. Mtoto wa buibui hukigundua usiku na kukila.

Kadiri anavyokua ndivyo mawindo yanavyoongezwa ukubwa. Akiwa na upana wa sentimita 1 kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, hula inzi wa matunda, nyenje waliototolewa karibuni au vipande. Akifika sentimita 3 au 4, anaweza kukabili nyenje wa nusu sentimita hadi sentimita 1. Akipita sentimita 8, nyenje mzima humtosha.

Inzi wa matunda

Hawa ni wale inzi wadogo sana wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wana urefu wa milimita 2 hadi 3, hivyo hufaa kwa tarantula wa siku za mwanzo, hasa wale wa aina ambazo watoto wake huzaliwa wadogo mno.

Wanasayansi wamewatumia inzi hawa maabara kwa zaidi ya miaka 100 katika utafiti wa urithi, na katika kazi hiyo zilipatikana koo zisizoweza kuruka. Hizo ndizo zinazouzwa kwa wafugaji wa buibui na vyura wadogo. Aina iliyoenea ni Drosophila melanogaster, na nyingine kubwa kidogo huitwa Drosophila hydei.

Kuwazalisha si kazi ngumu. Ndizi au viazi vilivyopondwa, hamira kidogo na chupa iliyozibwa kwa kitambaa vyatosha. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kizazi kipya cha melanogaster hutokea kwa muda wa siku 10 hadi 12.

Kasoro yao ni kwamba hawashibishi kwa muda mrefu. Mtoto akishapita sentimita 2, atahitaji inzi wengi kwa mlo mmoja, na hapo ni nafuu kuhamia kwa mdudu mwingine.

Nyenje

Nyenje, yule mdudu anayelia usiku, ndiye chakula cha tarantula kilichozoeleka kuliko vyote. Anayefugwa zaidi ni Acheta domesticus. Huuzwa kwa saizi, kuanzia walioanguliwa wakiwa na takriban milimita 2 hadi wazima wa sentimita 2. Kwa hiyo mfugaji anaweza kumfuata buibui wake hatua kwa hatua bila kubadili aina ya chakula.

Sifa yake nyingine ni kwamba hatulii. Tarantula hutambua mawindo kwa mtikisiko anaousikia miguuni, si kwa macho. Nyenje anayetembea juu ya udongo hujitangaza mwenyewe.

Hata hivyo, nyenje ana tabia ya kutafuna chochote kilicho laini anapokosa chakula na maji. Akiachwa na buibui aliyelala akijivua gamba, atamtafuna huyo pia. Kisa cha namna hii ni cha kawaida sana miongoni mwa wafugaji wapya, na kila mara mfugaji hukuta mizoga asubuhi bila kujua kilichotokea usiku.

Nyenje pia wana harufu, madume wao hupiga kelele, na hufa upesi wakisongamana kwenye boksi lenye unyevu. Kwa mkazi wa ghorofa anayegawana ukuta na jirani, hayo si mambo madogo. Wakihifadhiwa katika trei za mayai, penye hewa ya kutosha na kipande cha karoti badala ya bakuli la maji, hudumu zaidi.

Biashara ya nyenje iliwahi kupata pigo kubwa. Kirusi kinachomshambulia Acheta domesticus kilivuruga mashamba ya Ulaya tangu miaka ya 1970, na kuanzia 2009 kiliwakumba wazalishaji wa Amerika Kaskazini, baadhi yao wakafunga biashara. Tangu hapo wazalishaji wengi walihamia aina nyingine zinazostahimili kirusi hicho.

Mende wa kufugwa

Msomaji wa mjini anaweza kushangaa kusikia kuwa mende hununuliwa kwa fedha. Lakini mende wanaozungumzwa hapa si wale wa kabatini. Anayependwa zaidi ni Blaptica dubia wa Amerika Kusini, ambaye hawezi kupanda ukuta wa kioo au plastiki laini, wala hazai kwa wingi katika nyumba yenye baridi.

Mende huyu huzaa watoto walio hai wenye urefu wa milimita chache, na mzima hufikia sentimita 4 hivi. Hana kelele, harufu yake ni ndogo, na huishi muda mrefu kuliko nyenje. Kwa mwenye buibui wengi, boksi moja la mende hawa huwa kama banda la kuku linalojizalisha lenyewe.

Tatizo lake ni kwamba akihisi hatari hujifukia udongoni na kukaa kimya. Buibui humkosa, na mfugaji hudhani ameliwa. Hivyo watoto wa mende hupondwa kichwa kwanza kabla ya kuwekwa kikopo, au hushikwa kwa kibanio mpaka buibui awapokee.

Mwingine ni mende mwekundu wa Asia ya Kati, Blatta lateralis. Huyu ana mwendo wa kasi na hajifukii sana, jambo linalomvutia buibui. Ila kwa kasi hiyo hiyo, akitoroka mkononi si rahisi kumpata tena.

Funza wa unga

Funza wa unga ni buu la mbawakawa Tenebrio molitor, mdudu anayefahamika kwa kuvamia unga na nafaka ghalani. Buu hilo hufikia sentimita 2.5 au zaidi kidogo. Hulishwa pumba za ngano au shayiri pamoja na kipande cha kiazi, na huweza kuhifadhiwa kwenye friji kwa wiki kadhaa likiwa limepunguza kasi ya kukua.

Kwa mwenye tarantula mmoja tu, huyu ndiye mdudu wa gharama nafuu zaidi. Mtoto wa buibui hula mdudu mmoja au wawili kwa wiki. Anayenunua boksi la nyenje 200 kwa ajili ya mlaji huyo mmoja atatupa karibu wote wakiwa wamekufa, ilhali funza humsubiri.

Ila naye ana mambo yake. Ana mafuta mengi kuliko nyenje, ana taya zenye nguvu, na akiachwa huru hujichimbia ardhini. Huko chini anaweza kumkuta buibui akijivua gamba shimoni, au akageuka pupa na kutokea siku nyingine akiwa mbawakawa mgumu asiyeliwa.

Kwa sababu hiyo, funza wa unga hapewi mtoto wa tarantula akiwa mzima. Hupondwa kichwa au hukatwa vipande. Ndugu yake mkubwa, Zophobas morio, ambaye hufikia sentimita 5, hafai kabisa kwa buibui wachanga.

Nzige

Katika nchi za Ulaya nzige wa kufugwa huuzwa madukani kama nyenje. Tunutu wake, yaani watoto wasio na mabawa, hawana harufu kali wala kelele, na hupenda kupanda juu badala ya kujifukia. Huwafaa tarantula wanaoishi mitini.

Kikwazo ni miguu ya nyuma, yenye nguvu na miiba. Wengi huikata kabla ya kumpa buibui ambaye bado ni mdogo. Aidha, si kila nchi inaruhusu nzige kufugwa, kwani akitoroka huwa adui wa mashamba.

Mdudu wa kuokota

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mkazi wa mjini. Mende wa jikoni, panzi wa bustanini na kumbikumbi wa taa za barabarani hupatikana bure, na kwa macho wanaonekana wazima. Lakini hakuna ajuaye walipita wapi jana.

Nyumba nyingi za mijini hupuliziwa dawa ya mbu na mende, na nyingine huchorwa chaki ya kuua wadudu pembezoni mwa kuta. Mende anayetoka kwa jirani anaweza kuwa amekwisha kugusa sumu hiyo lakini bado anatembea. Dawa za jamii ya pareto zinazotumika majumbani huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na buibui naye haziachi salama.

Kiasi kisichomtosha kumuua mende papo hapo kinaweza kummaliza buibui mwenye uzito mdogo kuliko huyo mende. Dalili zake ni kutetemeka, miguu kwenda bila mpango, na kushindwa kujigeuza anapoanguka. Hakuna dawa ya kumponya.

Mfano mkubwa zaidi ulionekana wakati wa uvamizi wa nzige wa jangwani wa 2019 hadi 2021. Nchini Kenya, Ethiopia na Somalia makundi ya nzige yalipuliziwa dawa kwa ndege na kwa mikono, na wananchi walionywa wasile nzige waliopuliziwa. Kisichofaa kwa chakula cha binadamu kwa sababu ya sumu, hakifai kwa buibui pia.

Mbali na dawa, mdudu wa porini anaweza kuleta utitiri na vimelea. Wapo pia wenye sumu yao wenyewe. Panzi wale wenye rangi kali za njano, nyeusi na nyekundu wanaovamia mihogo huhifadhi mwilini sumu za mimea wanayokula, na rangi zao ni onyo kwa anayetaka kuwala.

Siafu, tandu, nge, vunjajungu na buibui wengine hawapaswi kuingizwa kikopo hata kama ni wadogo. Hao ni wawindaji, na katika chumba kilichofungwa haijulikani nani atakuwa mlo wa mwenzake.

Njia salama ni kumtumia mdudu aliyezaliwa kifungoni. Kwa Afrika Mashariki, ufugaji wa nyenje si jambo geni tena. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimekuwa kikihimiza ufugaji wa wadudu kwa ajili ya chakula cha watu na mifugo. Mwaka 2018 aina mpya ya nyenje iliyopatikana Kenya ilitangazwa na kupewa jina la kituo hicho, Scapsipedus icipe.

Mdudu aliyefugwa naye lazima alishwe vema, kwa kuwa kilichomo tumboni mwake ndicho buibui anachopata. Pumba, karoti, viazi na majani ya mboga yaliyooshwa vizuri hutosha. Mboga zisizooshwa zinaweza kurudisha ile ile sumu ya shambani iliyokuwa ikikwepwa.

Wakati wa kujivua gamba

Tarantula hukua kwa kuvua gamba la zamani na kutoka na jipya. Mtoto anaweza kufanya hivyo kila baada ya wiki chache, wakati mkubwa huchukua mwaka mmoja au zaidi. Huu ndio wakati ambao hana kinga yoyote.

Dalili za kukaribia hazifichiki kwa mwenye kuangalia. Buibui hukataa chakula, tumbo lake huvimba na kuwa jeusi au la kung'aa, mwendo hupungua, na mara nyingi huziba mlango wa shimo kwa utando au udongo. Ukataaji huo wa chakula si ugonjwa, na anayejaribu kumlazimisha kwa kumwongezea wadudu humtia hatarini.

Siku ikifika hulala chali. Mfugaji mgeni hudhani amekufa na humgusa au kumgeuza, kosa linaloweza kumuua kweli. Tarantula anayekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili kama mkono uliofumba.

Anapotoka, mwili wake ni laini na meno yake ni meupe, hayawezi kuchoma kitu. Baadaye meno hubadilika kuwa mekundu, kisha meusi. Mpaka yawe meusi, hata nyenje mdogo ni simba kwake.

Kwa mtoto mdogo husubiriwa siku 5 hadi 7 kabla ya kupewa chakula, na kwa aliyekua huwa wiki 2 au zaidi. Katika muda huo anachohitaji ni maji safi, kwenye kifuniko cha chupa au matone machache ukutani mwa kikopo.

Kutokana na hatari hiyo, kanuni ya kuondoa mabaki haina msamaha. Mdudu hai ambaye hakuliwa kwa saa 24 hutolewa. Kama mfugaji hana hakika na hali ya buibui wake, ni salama kumwekea kipande cha mdudu aliyekufa na kukiangalia kesho yake.

Ratiba na kiasi

Watoto wachanga hulishwa mara 2 kwa wiki. Wakifika sentimita 5 hutosha mara 1 kwa wiki, na wakubwa hulishwa kila baada ya wiki 1 au 2, wakati mwingine zaidi. Kasi ya ukuaji hutegemea chakula na joto, lakini haraka haina faida yoyote kwa buibui mwenyewe.

Kipimo kizuri ni tumbo. Likiwa dogo kuliko sehemu ya mbele ya mwili na lenye mikunjo, buibui ana njaa au kiu. Likiwa kubwa kidogo kuliko sehemu hiyo, yuko sawa. Likiwa kama puto lililojazwa, apumzishwe, maana akianguka kutoka juu linaweza kupasuka.

Buibui anayekataa chakula kwa muda mrefu bila dalili za kujivua gamba achunguzwe mdomo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walitangaza aina mpya ya minyoo midogo iliyopatikana kwa tarantula wa kufugwa, wakaiita Tarantobelus jeffdanielsi kwa heshima ya mwigizaji Jeff Daniels aliyecheza katika filamu inayohusu buibui.

Minyoo hiyo huonekana kama utando mweupe mdomoni, na buibui hushindwa kutumia viungo vya kulia hadi kufa kwa njaa. Mwenye buibui wa namna hiyo anapaswa kumtenga mara moja, asitumie kibanio kile kile kwa wengine, wala asihamishe mdudu aliyekataliwa kutoka kikopo kimoja hadi kingine.

Usalama na sheria

Tarantula wa Afrika na Asia hawana manyoya ya kuwasha yanayorushwa na wengi wa jamaa zao wa Amerika, bali hutegemea kasi na meno. Kung'atwa na Pterinochilus murinus huleta maumivu makali na huweza kufuatiwa na mikazo ya misuli. Chakula hakiwekwi kwa vidole, bali kwa kibanio kirefu, hata buibui akiwa mdogo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, lipo jambo jingine la kukumbuka. Kuona buibui huyu shambani au msituni si ruhusa ya kumkamata na kumuuza. Sheria za kuhifadhi wanyamapori, ya mwaka 2009 nchini Tanzania na ya 2013 nchini Kenya, zimeweka utaratibu wa vibali, na mwaka 2016 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Wadogo nao hawasahauliki mahakamani. Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwahukumu watu wanne, wakiwamo vijana wawili raia wa Ubelgiji, kulipa faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kwenda jela miezi 12, baada ya kukutwa na maelfu ya chungu waliokusudiwa kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo.

Kwa mwenye kumlea tarantula kihalali, hakuna mdudu mmoja anayeshinda wengine kwa kila jambo. Kwa wiki za mwanzo, inzi wa matunda au kipande cha funza wa unga hutosha. Baadaye nyenje au mende wa kufugwa humkuza vizuri, naye akipewa kwa zamu hukosa kidogo.

Linalobaki ni mazoea ya kila siku ya mfugaji: kupima mdudu kwa jicho kabla ya kumtia, kukataa wa kuokota, kumtoa asiyeliwa ifikapo kesho yake, na kumwacha buibui apumzike anapofunga mlango wake. Akifuata hayo, punje ile ya mtama iliyoletwa kwenye kikopo inaweza kuwa naye kwa miaka mingi.